Ramani Iliyojua Alipochutama

Mimi ni broka wa mawe hapa Voi. Si mawe ya kujengea. Ni vito, yale madogo ya kijani yanayotoka chini ya nyika yetu, ambayo mtu anaweza kuficha jasho la mwezi mzima chini ya ulimi akasalimia watu bila shida. Kila jiwe nalihesabu mara mbili, mara moja asubuhi na mara ya pili jua likishuka, maana jiwe hubadilisha tabia na mwanga, kama mtu na pombe. Nimedanganywa na wengi na nimedanganya kiasi. Uongo wa biashara naupenda hata. Una ufundi, na kila anayeusema anajua kwamba unajua. Ule wa mtu aliyevaa kitambulisho shingoni, anayekudanganya huku anakushukuru kwa ushirikiano, ndio unaonitia kichefuchefu.

Kazi yetu ina adabu moja kubwa. Humuulizi mchimbaji jiwe limetoka wapi. Ukiuliza, umemtukana, ni kama umemfuata hadi chumbani. Jibu la heshima ni "limetoka chini," na muulizaji anatakiwa kuona haya mwenyewe. Nimenunua mawe kwa mama mmoja wa Ronge tangu mume wake akiwa hai, na miaka yote hiyo sikujua shimo lake lilipo. Nilijua ni huko nyikani, upande wa Ndara, basi. Yeye na dada yake mdogo walikuwa wakienda kila siku kwa njia tofauti, maji wameyabeba kwenye mkoba wa shule ili waonekane kama wazazi walioitwa na mwalimu. Jioni walilifunika shimo kwa matawi ya miiba na kufuta nyayo kwa tawi. Hata ndovu, nadhani, walipita hapo bila kujua. Shimo hilo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake uuguzi.

Kisha mwaka jana tukaitwa barazani.

Chifu alifungua kwa maombi, akatukabidhi kwa afisa mmoja aliyetoka Nairobi, naye akatukabidhi kwa vijana wa kampuni fulani ya teknolojia waliovaa fulana za rangi moja. Habari ilikuwa fupi. Serikali imeamua kila mchimbaji na kila broka ajisajili kwenye programu ya simu. Asiyejisajili, mawe yake ni ya wizi na yeye ni mwizi. Afisa alisema hivyo akitabasamu.

"Na programu hii inataka nini kwetu?" nikauliza.

Kijana wa fulana akachukua simu yangu kwa heshima, mikono miwili, kama anayepokea mtoto. "Ni kawaida tu, mzee. Majina ya watu ulio nao kwenye simu, picha zako, maikrofoni, na lokesheni, mahali ulipo, wakati wote."

"Wakati wote?"

"Ni kwa usalama wenu. Shimo likiporomoka, tujue mko wapi."

"Mkijua, mtakuja na nini? Sururu?"

"Tutakuwa na data," akasema.

Nikaanza kumpunguza, maana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia chukua lokesheni, niachie picha. Akatikisa kichwa. Nikamwambia sawa, chukua picha, ng'ombe wa shemeji yangu ndio wengi humo, lakini lokesheni iwe ya Jumanne na Alhamisi. Watu wakacheka. Nikashuka hadi Jumanne peke yake. Yule kijana naye akacheka kwa upole, akanionyesha kioo. Kulikuwa na kitufe kimoja: NAKUBALI. Nimeuza mawe kwa Wahindi, kwa Wathai, kwa mchungaji mmoja aliyefunga siku tatu kabla ya kununua, na sijawahi kuona bei isiyoshuka hata kidogo. Muuzaji asiyepunguza kabisa si muuzaji. Ni askari.

Mama wa Ronge alibonyeza. Sote tulibonyeza. Lakini yeye alinikonyeza.

Kumbe alikuwa na mpango. Programu ilitaka kila mchimbaji apige picha ya shimo lake akiwa amesimama hapo hapo. Kanisa lao, kule chini, lilikuwa linachimba choo. Mama akaenda, akasimama kando ya shimo la choo na sururu mkononi, akapiga picha, akatuma. Baada ya dakika moja simu ikamjibu: hongera, mgodi wako umesajiliwa. Alinijia mezani anacheka hadi anajishika mbavu.

"Broka, nimewapa mgodi. Wakija kuchimba, waje na pamba puani."

"Na simu unakwenda nayo kule kwenyewe?"

"Naenda nayo. Bila tochi yake nitaonaje rangi ya jiwe? Na kule hakuna mtandao kabisa, baba. Simu kule imekufa, ni tochi tu."

Sikuona kosa. Hakuna mtu wa nyika hii ambaye angeona kosa. Siku zote tumejificha mahali mtandao ulipoishia. Mtu akisema "niko nje ya mtandao" tunaelewa kwamba hata mkewe asimtafute. Hakuna aliyetuambia kwamba simu haihitaji mtandao ili kujua ilipo. Inatazama setilaiti juu tu, inaandika moyoni, na ukirudi Voi jioni ukipata mtandao pale stendi, inatapika yote.

Miezi ikapita. Siku moja yule dada mdogo wa mama akanipigia simu na hakusalimu. Alisema kulikuwa na nguzo za chuma kuzunguka shimo lao, na bango: eneo la leseni, usiingie. Hazikuwa mbali kidogo, wala hazikuwa karibu karibu. Shimo lilikuwa katikati, kama kiini cha yai.

Tukaenda ofisini, mimi na mama. Sikuwa na cheo chochote, nilienda kwa sababu naweza kubishana. Afisa wa zamu, kijana nadhifu, akatupa viti, akaandika namba ya kitambulisho cha mama, akageuza kompyuta ili tuone. Nadhani alifikiri anatufanyia ukarimu.

"Mama, wewe una mashimo mawili. Hili moja liko nyuma ya kanisa."

"Hicho ni choo," mama akasema.

"Kimesajiliwa kama mgodi."

"Basi kiacheni kiwe mgodi. Hilo lingine nani amewaambia?"

Kijana alipanua ramani. Uzi mwembamba wa buluu ulitoka nyumbani kwa mama, ukapinda, ukajikunja, ukapita kichakani; kisha uzi mwingine, wa siku nyingine, na mwingine. Njia zote zile za kupoteza watu. Zilikuwa zimesukana kama mkeka, na zote zilikwisha mahali pamoja. Mama aliinama akazitazama. Aliinua kidole akafuata moja kwenye kioo, polepole, midomo yake ikisogea. Alikuwa anaitambua.

"Eneo hili lina mwekezaji," kijana akasema. "Ombi lake lilifika kabla ya lenu."

"Sisi mlituambia kujisajili ndiyo kuomba," nikasema.

"Kujisajili ni kujisajili, mzee. Kuomba ni kuomba."

"Mwekezaji alijuaje pa kuomba?"

"Data ya sekta inapatikana kwa wadau."

"Na huyu mama si mdau?"

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Nyinyi ni wanufaika."

Kijana akaendelea, akaweka kalamu juu ya kioo. "Hapa penye duara kubwa ndipo shimo. Lakini kuna hapa pia, pembeni kidogo. Mama alikuwa akienda kila siku, asubuhi na mchana, dakika chache tu. Mfumo umepawekea alama nyekundu. Mwekezaji anadhani kuna mshipa mwingine, atatuma watu wapime."

Mama alikaa wima.

"Hapo ndipo ninapochutama."

"Kuchutama kufanya nini?"

"Kukojoa, mwanangu."

Msichana wa meza ya pili alianza kucheka, akajizuia, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kijana aliondoa kalamu kwenye kioo. Akapunguza ramani hadi Ndara yote ikawa ndogo kama ukucha, kama vile hapo pangeonekana padogo vya kutosha.

"Futa hapo," mama akasema.

"Mfumo hauruhusu, mama."

"Sijakwambia ufute shimo. Shimo mmeshachukua. Futa hapo tu."

"Data si yetu. Iko kwa kampuni."

"Nilibonyeza nakubali. Nipe simu nibonyeze sikubali."

Kijana akatafuta. Namsifu kwa hilo, alitafuta kweli, akaingia ukurasa huu akatoka ule, jasho likamtoka. Kitufe hicho hakikuwapo. Tulipotoka nje nilipiga namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye ile programu. Sauti ya mashine, ya kike, tamu kama ya harusi, ikaniambia faragha yangu ni muhimu sana kwao, nisubiri. Nikasubiri hadi salio likaisha. Nikanunua lingine nikasubiri tena, ili nipate uhakika kwamba nimetukanwa kweli.

Kilichobaki ni kifupi. Mwekezaji akatangaza anaajiri vibarua wa kuchimba pale, wenyeji kwanza. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Mama hakuniomba ushauri, aliniomba nimpeleke kwa pikipiki.

Getini kulikuwa na mlinzi, kijana wa Mwatate, na kimashine cha alama za vidole. Kila kibarua aweke kidole. Mama akaweka dole gumba, kimashine kikalia vibaya. Akaweka la kushoto. Akapangusa kwenye leso, akaweka vyote, kimoja kimoja, na kila kimoja kikakataliwa.

"Mama, wewe huna alama," mlinzi akasema. Hakuwa anakejeli. Alimshika mkono akautazama, na mimi nikautazama. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zinang'aa, kama sabuni iliyotumika. Mawe yalikuwa yamekula alama zote.

"Mashine haikujui," mlinzi akasema kwa huruma. "Pumzika hadi Jumatatu. Usilime, usifue. Pakaa mafuta ya mgando, labda zitarudi."

Yule aliyejulikana hadi mahali anapokojoa alikaa nyumbani siku zile zote bila kugusa hata sufuria, dada yake akimpikia na kumwoshea, vidole vimepakwa mafuta, amevinyoosha mbele yake kama si vyake. Nilimwambia aachane nao. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayelipa chuo.

Jumatatu kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikubaliwa. Kimashine kikalia vizuri, taa ikawaka kijani, na mlinzi akapiga kofi moja la furaha. "Imekubali! Karibu kazini, mama!"

Mama akasema asante. Akavua leso, akajifunga kiunoni, akaingia. Mtu wa ndani alianza kumwelekeza njia ya kufika kwenye shimo, kulia kisha kushoto, na yeye akamsikiliza hadi mwisho.