Hesabu ya Jozi Zinazopotea

Nikiulizwa nasomea nini hujibu fizikia, nikanyamaza. Mama peke yake ndiye aliyetaka nimalizie. Alikuwa kitandani nyumbani kwetu Mishomoroni, figo zimechoka, nami nikimpepea nikamweleza: gesi hupozwa mpaka atomi zake zikaribie kutulia kabisa. Mwanga wa leza hufungamanisha kizunguko cha kila atomi na mwendo wake, kisha zikashikana mbili mbili na kutiririka bila msuguano. Ila zikigongana vibaya hutoweka. Mimi nakokotoa kama ushikanaji huo unaweza kudumu katikati ya upotevu.

"Na mwenziwe anayesalia?" akauliza. Alikuwa mjane wa miaka mingi.

"Hapana anayesalia, Mama. Hupotea zote mbili."

"Basi zina bahati hizo," akasema, akageukia ukutani.

Juma hilo umeme ulikatika, kompyuta ikazimika na hesabu ya saa nyingi ikapotea, kwa sababu sikuiandikia amri ya kuhifadhi hatua za katikati. Uvivu wangu mwenyewe. Msimamizi wangu alikuwa akisubiri matokeo, basi asubuhi nikabeba kompyuta kwenda Utange, kwa mwanafunzi mwenzangu mwenye umeme wa jua. Mama alinishika mkono.

"Leo kaa nami, mwanangu."

Nikamwambia nitarudi adhuhuri. Akasema inshallah, akaniachia.

Nilizima simu nisisumbuliwe. Adhuhuri ikapita, hatua zilikuwa zimebaki chache, na kuzikata ni kuanza upya, maana amri ile bado sikuwa nimeiandika. Alasiri mchoro ukatokea: jozi zinadumu. Wallahi nilifurahi, na furaha ile naichukia mpaka leo.

Nyumbani nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Kwetu maiti hacheleweshwi, na jeneza lilikwisha kutoka. Kumwosha mama ni haki ya binti, nami ndiye binti wake wa pekee. Aliyemwosha ni mama mdogo, pamoja na majirani.

"Tulikungoja sana," mama mdogo akaniambia. "Simu yako haipatikani."

Nikamuuliza kama Mama aliniulizia.

"Mara tatu. Tukamwambia uko njiani, ushapita Bamburi." Alijifuta uso kwa leso. "Akatwambia tusiufunge mlango."