Pindo la Vidole Vinne

Niliondoka Masisi kwa hasira, sitaficha. Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, alituita mafundi sita tunaomshonea sare za shule, akatuambia kuanzia mwaka ujao sketi zote zitashonwa ng'ambo.

"Mama Neema, haiko roho mubaya," aliniambia. "Kule mushahara iko chini."

"Chini kuliko yetu? Sisi tunaokula maharagwe bila mafuta?"

"Basi, leta neno ya Ntoto. Mashule ya kule njo inanunua mingi. Bakisema banataka zenu, mutabaki na mashini zenu."

Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili, maana wenzangu watano wana watoto na hakuna kiwanda kingine cha kukimbilia.

Siku ya kwanza, pikipiki ilinifikisha Rubaya, matope hadi magotini. Wabebaji walikuwa wakishuka mlimani na magunia ya koltani, madini yanayoingia kwenye simu. Mmoja wao, kijana aitwaye Bahati, alikuwa ametua mzigo apumzike. Nilimuuliza kwa nini simu zisitengenezwe hapa hapa, kama kweli matajiri wanatafuta mikono ya bei ya chini.

Akacheka. "Mama, umeme iko wapi? Mukono yako iko bei ya chini, lakini barabara inakula faida yote. Tunabeba, banatengeneza kule, kisha tunakuya kununua."

Siku ya pili nilitembea kwa miguu, na hapo ndipo nilipoonja maneno yake. Kila kizuizi cha barabarani kilitaka ushuru wake. Kwenye cha tatu nilitoa hata karanga zangu za njiani. Nikaanza kumwelewa Papa Kambale, jambo lililoniudhi kuliko vizuizi vyenyewe.

Ntoto nilifika mchana wa siku ya tatu. Mama Riziki, muuza chumvi ambaye hunipokea kila nikileta sare, alinipa sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, na bugali, kisha akanitandazia sketi mbili za binti yake Sifa. Ya kwanza ilitoka ng'ambo. Patroni wetu, Papa Kambale, alikuwa ameleta chache huku za kujaribu. Mshono wake umenyooka, lazima nikiri. Lakini pindo lilikuwa jembamba kama kamba ya kiatu.

"Mutoto alirefuka, sketi ikabaki juu ya magoti," alisema. "Direktere ya shule akamurudisha nyumbani. Sasa ona hii yako. Iko mwaka ya tatu, tunashusha tu."

Sisi hukunja pindo la vidole vinne kwa ndani, mama alifumue kidogo kidogo mtoto anavyorefuka. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Enda nayo umuonyeshe," akasema. "Lakini urudishe, iko ya Sifa."

Direktere naye aliandika barua: shule yake inataka sketi zenye pindo la vidole vinne, nyingine hapana. Njiani kurudi sikusikia hata uchovu.

Masisi, Papa Kambale aliisoma barua mara mbili, akapima pindo kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mama Neema, umenisaidia sana."

Nikatabasamu, mjinga mimi. Akaitandaza sketi karibu na dirisha, akatoa simu mfukoni, akapiga picha ya pindo langu.

"Nabatumia bale ba ng'ambo leo. Batashona vile vile."

"Na sisi? Ulisema wakitaka zetu."

Akanionyesha barua. "Banataka pindo. Jina yako iko wapi hapa?"

Shukrani ya punda ni mateke, hilo nalijua tangu utoto. Nililojifunza safari hii ni kwamba ukienda kutetea kazi yako, urudi na jina la fundi, si sifa za nguo.

Sketi ya Sifa niliichukua mezani, nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko pamoja na mkasi wangu. Ntoto ni mbali, lakini kule wanajua ni nani aliyeishona.