Mpagazi wa Marangu anayesubiri jibu la damu

Saa moja na nusu asubuhi, mizani ya lango la Marangu ina foleni tayari. Wapagazi wanasukumana na mahema, magunia ya chakula na mitungi ya gesi, kila mmoja akitaka mzigo wake upimwe kwanza.

Eliufoo Mtui, mwenye miaka 32, yuko pembeni. Anakaa juu ya jiwe, anainuka, anakaza kamba za viatu, anakaa tena. Kiongozi wa msafara, Elisaria, anamwita mara mbili.

“Leo siendi, kaka.”

“Huendi? Wazungu sita, siku tano, halafu huendi?”

“Mwacheni meku apumzike!” anadakia mpagazi mmoja, na wenzake wanacheka.

Meku ni mzee kwa Kichagga. Utani huo unamchoma Eliufoo kwa sababu anauona una ukweli. Tangu mwaka jana, mzigo aliokuwa akiupandisha hadi kambi ya Horombo huku akipiga hadithi sasa unamfikisha magoti yakitetemeka.

Safari hiyo ingempa shilingi elfu ishirini kwa siku. “Naona zinaondoka na miguu yao,” anasema, akiwatazama wenzake wakipotea msituni. Lakini kesho anakwenda Moshi mjini kutoa damu ipimwe homoni ya kiume, na hilo analiogopa kuliko baridi ya kileleni.

Udhaifu haukuishia mlimani. Nyumbani hamu ya mke ilimtoka. Alirudi, akala, akageukia ukuta. Mkewe, Yuditha, aliyezaa naye binti mmoja, Brenda, alijitafutia maelezo: mume ana mwanamke mtaa wa Majengo, mjini Moshi.

“Kijana hachoki hivyo,” anasema Yuditha. “Nikajua yupo anayemchosha.” Mwezi Juni alifunga mzigo wa nguo arudi kwao Tarakea.

Ni kweli Eliufoo alikuwa akienda mjini kwa siri. Mwezi Mei alishuka mlimani na siku ileile akapanda gari la Moshi, akaingia maabara alasiri na vumbi lake. “Ndiyo siku niliyokuwa na nauli na sababu ya kufika mjini. Sikujua damu ina saa zake,” anasema.

Damu ilipelekwa Nairobi. Jibu lilirudi: homoni iko chini.

“Nilijiona nimekwisha. Nikanunua mizizi pale soko la Kiboriloni, nikatafuna mpaka tumbo likaniuma. Halafu muuza dawa mmoja akaniambia ipo sindano ya homoni hiyo, nilale mwanamume niamke dume.”

Alikuwa tayari kuchomwa. Kilichomzuia ni swali la Dk. Margareta, daktari ambaye Eliufoo alimpelekea lile jibu: siku ya kutoa damu ulikuwa umetoka wapi?

“Alikuwa hajalala vizuri kambini kwa siku kadhaa, amekula kidogo, ameshuka mlima siku hiyohiyo, kisha anatoa damu alasiri,” anasema daktari huyo. “Homoni hii huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Uchovu, njaa na kukosa usingizi huishusha pia. Kipimo kama hicho hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Wala hakitoshi kumwambia ni mzima, maana dalili anazo.”

Akamwagiza apumzike nyumbani, alale vizuri, arudi asubuhi kabla ya kula. Ikiwa bado iko chini, atapimwa homoni nyingine ili ijulikane kama hitilafu iko kwenye korodani au kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

Na sindano? “Ikitolewa ovyo hupunguza mbegu za kiume,” anasema daktari. “Na huyu anataka mtoto wa pili.”

Eliufoo alirudi akamweleza mkewe yote, amesimama mlangoni kama mgeni.

“Kwa hiyo huyo mwanamke wako wa Majengo ni chupa ya damu?” Yuditha aliuliza. Alicheka, kisha akalia, kisha akaufungua ule mzigo.

Asubuhi inayofuata ile ya langoni, wako wote wawili nje ya maabara, mlango haujafunguliwa. Yuditha amepakata chupa ya mtori, supu nzito ya ndizi, ambao mumewe haruhusiwi kuugusa bado. Eliufoo anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda tena.

“Kaa basi, Baba Brenda. Umekuja kupima damu au kupima veranda?”

Anakaa. Anakaza kamba za viatu ambazo hazijalegea.

Damu ikishatolewa, anakunywa mtori akiwa wima. Jibu ni baada ya wiki mbili. Wiki hiyo ya jibu Elisaria ana msafara mwingine na amemtumia salamu. Eliufoo anasema atakataa tena, wapagazi waseme watakavyo. Hata jibu likiwa zuri, amepanga kupumzika wiki nzima kati ya safari na safari. Kwanza anataka kulisikia akiwa na mkewe.

“Sitaki linikute na mzigo kichwani,” anasema. Anamtazama Yuditha, ambaye anafunga chupa ya mtori na kujifanya hasikii.

“Mlima hauhami,” anaongeza Eliufoo. “Huyu ndiye aliyekuwa amekwisha kufunga mzigo.”