Siku Nilipombadilisha Amani kwa Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Jamani, mkipita mji wa Apple Valley huku ughaibuni kiangazi mkamwona kijana mrefu kavaa jezi ya kijani inayoishia juu ya kitovu, msiulize, ni mimi, na kile kitovu kilichoachwa nje ni adhabu niliyopewa hadharani na mama yangu mzazi, mbele ya makanisa mawili, wali ukiwa bado kwenye sufuria.

Wa kulaumiwa kwanza ni redio. Timu kubwa ya besiboli ya mji wetu ilikuwa inapigwa na kila anayepita njia, basi wachambuzi wakawa wanabishana kutwa nzima nani auzwe na nani abaki kabla mwezi wa saba haujaisha, maana baada ya hapo dirisha linafungwa, na mimi niliwasikiliza kwenye simu mpaka nikaanza kuota kama wao (mama alidhani nasikiliza mahubiri, Mungu anisamehe). Wakasema mchezaji umuuze wakati bei yake iko juu, na moyo uuache nyumbani. Nikasema kumbe! Hata mimi nina timu.

Na kweli nilikuwa nayo. Makanisa yetu yana ligi ya vijana, na kila kitu tunaiga wakubwa, hadi dirisha la kubadilishana wachezaji: manahodha wawili wakipeana mikono kabla ya mwezi wa saba kwisha, imekwisha hiyo. Nahodha wa Wakongo wa Columbia Heights nilikuwa mimi, kwa kigezo kimoja tu cha kelele. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa mrushaji. Wetu alirusha mpira kama anayewamwagia kuku mahindi. Lakini Wakenya wa Apple Valley walikuwa na Kip, anayerusha kwa mkono wa kushoto, mpira unakuja umenyooka halafu ukikufikia unakumbuka shughuli nyingine.

Na sisi tulikuwa na Amani. Amani ni mtoto wa mama mdogo, alitufikia kutoka kambi ya wakimbizi majira ya baridi yaliyotangulia, tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu. Haongei sana. Tulimpa glavu ya mdakaji kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa mahali ambapo mipira inakujia usoni, na yeye hakupepesa hata jicho. Mechi za karibuni alikuwa anagonga kila kinachorushwa. Nikapiga hesabu zangu za redioni: bei haitapanda zaidi ya hapa, na lile goti lake linamsumbua kukiwa na baridi, kwa hiyo auzwe sasa hivi, kabla mnunuzi hajashtuka. (Ndiyo, ni ndugu yangu. Si nimesema moyo niliuacha nyumbani?)

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba tulicheza na hao Wakenya kwenye bustani moja huko Roseville, kisha tukala pamoja. Nikamfuata nahodha wao, Kevo, penye jiko la nyama.

"Unamwona yule?" nikamwambia. "Mikono ile! Hachoki, hagombani, hajawahi kukosa mazoezi."

"Na goti?"

"Goti gani? Goti la chuma lile."

Mama Kevo alikuwa hapo anageuza nyama (ni muuguzi, hakuna kinachompita). "Wee Baraka, kwetu kijana akisifiwa hivyo ujue kuna msichana anaombwa. Mnamtaka nani?"

"Kip, mama."

"Kip! Ngai!" Akacheka mpaka koleo likaanguka.

Kevo hakucheka. "Kip kwa huyo mmoja? Wacha mchezo, bro. Ongeza kitu."

"Kama nini?"

"Mandazi ya mathako. Kila mechi, mpaka ligi iishe."

Mathako kwa sheng yao ni mama yako. Nikamtazama wangu kule mezani, anapakua sombe, majani yetu ya muhogo, huku anaimba, hana habari kwamba amekuwa sehemu ya biashara. Nikampa Kevo mkono. Sikumuuliza mama. Sikumuuliza Amani. Nilidhani atacheka, na Apple Valley si mbinguni, ni mazoezi ya Jumamosi tu.

Kevo, kwa furaha, akanyakua kipaza sauti kilichokuwa kimeletwa kwa ajili ya kuombea chakula. "Tangazo! Kuanzia leo Amani wa Columbia Heights ni wetu, Apple Valley! Anakuja na mandazi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kama bwana harusi. Nilipoinua kichwa, Amani hakuwepo kwenye kiti chake.

Alikuwa kwenye gari letu. Akatoa begi lake, akalifunga zipu, akatembea polepole mpaka kwenye gari la Wakenya akasimama mlangoni, begi kifuani. Nikadhani anatania. Mama akamfuata, mimi nyuma, na nikamsikia Amani akiuliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Mama Mkubwa, nguo zile zingine nitakuja kuzichukua lini?"

Kambini, jina lako likisomwa kwenye kipaza sauti, huulizi ni kwa nini. Unachukua begi. Mimi hilo nilikuwa nalijua, alishanisimulia usiku mmoja kutoka kitanda cha juu. Nilikuwa nimeliacha nyumbani pamoja na moyo.

"Nani amekutuma?" mama akamuuliza.

Amani akanigeuzia macho.

"Eh, Yesu wangu," mama akasema. "Baraka. Umetoa mutoto wangu? Na mandazi?"

"Ni mchezo, mama, ni kama redioni..."

"Lete ile mikro."

Jamani. Mama yangu hajawahi kutazama besiboli hata dakika moja, lakini alinishika sikio kwa mkono mmoja, kipaza sauti kwa mwingine, akaanza:

"Bandugu, tupime vizuri. Amani haendi popote, huyo ni wa kwangu. Lakini niko na huyu. Anakula ya batu batatu, anaosha sahani moja. Mbio anazo, nikimwita jikoni ndiyo mutaziona. Mudomo ni wa kutosha kanisa zima. Nani anamutaka?"

Watu wakanigeukia wote. Hata watoto wakanipima.

"Goti lake je?" akauliza Mama Kevo.

"La chuma!" akajibu Kevo, msaliti.

"Basi tutamchukua, na Kip tuwape," akasema Mama Kevo, "lakini huyu bila mandazi, mama, siwezi." Mchungaji wetu alikuwa ameshika meza, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Mama akamgeukia Amani. "Na wewe unasemaje?"

Amani akanipima kutoka juu mpaka chini, kama mchambuzi kabisa. "Aende," akasema. Halafu kipaza sauti kikamnasa akiongeza: "Lakini kulala, alale kwetu."

Ndipo akashusha lile begi chini.

Basi nikaenda Apple Valley. Jezi iliyobaki ilikuwa ya mdogo wake Kevo. Mama alikaanga mandazi kila mechi, akayaleta mwenyewe, akahakikisha silipati hata moja, na Kip akirusha na Amani akidaka, timu yangu ya zamani haikushikika tena. Ukweli lazima usemwe: ilikuwa biashara bora kuliko zote za msimu ule, na mali mbovu iliyotupwa ni mimi.

Mechi ya mwisho tulikutana nao. Nikapata nafasi ya kukimbilia besi ya mwisho, pale pa kupatia pointi, nikajitupa na vumbi langu, na nilipofumbua macho glavu ya Amani ilikuwa imetulia juu ya kitovu changu, mpira ndani. Nimetolewa mchezoni. Akaninyanyua kwa mkono.

"Mama Mkubwa amepika sombe," akasema. "Panda gari letu, usijifanye Mkenya."

Nimeapa sitampima mtu tena, labda viazi. Na mkimtaka Amani, bei yake muulizeni mama, lakini msimwendee karibu na kipaza sauti.