Sukari ya Mzazi

Juzi nilikuwa dukani Murusagamba, mtoto mgongoni, redio ikitangaza kwamba wabunge wa nchi ya mbali wanajadili sheria ya kukaza vikwazo vya uchumi dhidi ya serikali ya majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Mwenye duka akaimwaga tena guniani sukari aliyokwisha kumpimia mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka huko ng'ambo.

"Mama, umesikia mwenyewe. Sitaki matatizo."

"Binti yangu kajifungua jana," yule mama alisema taratibu. "Naenda kumpikia uji."

Bibi mmoja akanipita, akaegemea kaunta.

"Wewe, hao wabunge uliwapigia kura lini?"

"Shikamoo, bibi. Lakini sheria..."

"Marahaba. Nipimie mimi hiyo sukari."

Alipopimiwa, akaipokea kwa mikono miwili na kumkabidhi yule mama palepale, mwenye duka akitazama.

"Haya, wapigie simu. Waambie nimevunja sheria yao. Jina langu unalijua."

Mwenye duka akakuna kichwa, kisha akamwongezea yule mama kipande cha sabuni, bure.

Sheria yenyewe bado wanaijadili. Waikaze wapendavyo. Huku kwetu mzazi atakunywa uji wenye sukari, awe amejifungulia upande huu wa mpaka au ule.