Nusu Kikombe

Kazi yangu maabarani, Moshi mjini, ni kupitisha mwanga kwenye tone la sampuli na kupima dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ikipungua mikono hutetemeka. Hata chembe ndogo kabisa mwanga wetu unaiona, na mimi nilijivunia hilo.

Jumapili moja nilipanda Kirua Vunjo kwa mama. Kwetu kikombe cha mgeni hujazwa chai ya maziwa pomoni. Kukipunguza ni uchoyo. Mama aliniletea nusu, kama mwezi uliopita. Nikamtania, "Mama, ng'ombe amekauka?"

Akacheka. "Maziwa yapo, mwanangu. Nikikijaza, chai inamwagika kabla sijakufikia."

Ndipo nikauangalia mkono wake. Nikaupokea pamoja na kikombe, nikaushika mpaka chai ikapoa.