Mshipi wa Kaka Athumani

Usiku ule nililala chini, kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama, kama nilivyolala tangu apooze upande wa kushoto. Kabla sijasinzia aliniuliza swali lake la kila siku.

"Athumani bado hajapiga simu?"

"Dago hakuna mtandao, mama."

Siku ileile tulikuwa tumesoma arobaini ya kaka yangu Athumani, kwa siri, nyumbani kwa dada Mwajuma. Figo zilimshinda, akafia hospitali ya mjini, tukamzika hukohuko. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mama asipate mshtuko, na dada Mwajuma, mkubwa wetu, akaamua mama aambiwe mwanawe amekwenda dago, kwenye kambi ya wavuvi kisiwani, anawafuata changu wa kipupwe. Mimi ndiye niliyeusema uongo ule mara ya kwanza, na kila siku baada ya hapo.

Nikapitiwa na usingizi. Mara nikajikuta nimesimama baharini, maji yamenifika kiunoni, baridi inanipenya mpaka mifupani. Nilipajua pale. Ni kwenye majani ya bahari, mbele ya mikoko, ambako Athumani alinifundisha kuvua nikiwa darasa la tano. Miezi ya baridi changu wekundu husogea mpaka maji mafupi kutafuta kaa wadogo, naye hakuhitaji chombo. Aliwafuata kwa miguu, taratibu, akiburuta nyayo asije akamkanyaga samaki taa mwenye mwiba.

Yupo. Amenipa mgongo, amevaa sweta lake la kahawia lililofumuka kiwikoni. Amesimama ndani ya maji lakini sweta ni kavu, na mimi sishangai. Namwita, "Kaka!" Hageuki. Ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama alivyofanya siku zote akitaka chambo. Napapasa kikapuni nitafute kipande cha ngisi. Kikapu kina vidonge vyake tu, vile vyeupe vya hospitali. Naona aibu kumpa.

Kisha maji ni ya wodini. Vitanda vimepangwa huku na huku, bahari inapita chini yake bila sauti, na changu wanaogelea kati ya miguu ya vitanda, wekundu, wanene, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Athumani hawatazami. Anavuta mshipi wake wa kuvulia, anavuta, wala hauishi. Mikono yake ni ile ya siku za mwisho, imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Umenasa mwamba, kaka?"

Anatikisa kichwa. Kwa kidevu ananionyesha mshipi unakoelekea. Naufuata kwa macho: unatoka majini, unapanda mchangani, na pale ufukweni ameketi mama, juu ya kigoda, hana hata kanga ya kujifunika, anatetemeka kwa upepo wa kusi. Ameushika mshipi kwa mikono yote miwili, hata ule uliopooza. Umemkata vidole. Damu inadondoka mchangani, naye hauachii.

"Kila nikitaka kwenda ananivuta," Athumani anasema. Sauti yake haina lawama, ina uchovu tu. "Mimi siumii. Anaumia yeye."

Nataka kumweleza kwamba daktari alisema, kwamba dada aliamua. Mdomo umenijaa maji ya chumvi. Hapo anageuka. Ni uso wake wa zamani, kabla haujavimba, na ananitazama kama siku ile samaki wangu wa kwanza alipokata mshipi akaenda zake: hakunigombeza, alisubiri tu ninyamaze kulia.

"Zuhura," anasema. "Mwambie mama aache kunisubiri."

Bahari ikaanza kupwa, haraka, ikaondoka naye. Nikamkimbilia, miguu ikazama matopeni. Niliamka nimeung'ang'ania mguu wa kitanda, uso umelowa.

Muadhini alikuwa anamalizia adhana ya alfajiri. Mama alikuwa macho, ananitazama.

"Umemtaja Athumani," akasema. "Ana nini mwanangu?"

Ningeweza kusema ni ndoto tu. Uongo ulikuwa tayari ulimini, nilishauzoea. Nikapanda kitandani, nikaushika mkono wake mzima, nikamwambia yote: figo, hospitali, kaburi, arobaini. Hakupiga kelele. Alifumba macho, nikadhani nimemuua, nikamwekea kiganja kifuani. Kifua kilipanda, kikashuka.

"Nani alimwosha?"

"Mjomba Bakari na shemeji, mama."

"Alipokata roho, alikuwa na mtu?"

"Nilikuwapo mimi. Nilimshika mkono."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka jicho la upande mzima, kisha la pili.

"Siku zote hizi namwombea arudi salama," akasema. "Mngeniambia, Zuhura. Ningemwombea rehema."

Akataka nimwinue, nimletee maji ya udhu. Nikamtawadhisha mwenyewe, uso, mikono, miguu ile miembamba, nikilia bila kujificha. Tulipomaliza kuswali aliinua mkono wake mmoja, akamtaja mwanawe mbele ya Mungu, na kwa mara ya kwanza akamwita marehemu.